Mwongozo kamili: kuisoma litografu ya kejeli ya Kifaransa ya nyuma ya pazia

Makosa ni yale yale kila mara. Mtu anaona picha nyeusi: mcheza baleti kainama anafunga kamba za kiatu, bwana mwenye kofia ndefu kasimama kando yake, na chini kuna mistari miwili mitatu ya Kifaransa. Anaipiga kwa simu, anayatia maneno kwenye programu ya kutafsiri, anapata sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Mwishowe anaandika "mchoro wa zamani wa Kifaransa", na hapo hajasema kitu. Mwingine anatoa hela nzuri kununua ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha juzi, akidhani ameshika kitu cha miaka 180.

Mwongozo huu unahusu litografu, yaani chapa za picha zilizochorwa juu ya jiwe, za kejeli zilizochapishwa Paris kati ya miaka ya 1830 na 1870, hasa zile za gazeti la Le Charivari, ambalo Charles Philipon alilianzisha Desemba 1832 na ambalo lilitoa picha karibu kila siku. Mambo ya nyuma ya pazia yalikuwa chakula chao. Gavarni alichora mfululizo mzima ulioitwa Les Coulisses (yaani "Nyuma ya Pazia"), kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830. Honoré Daumier alirudi kwenye jukwaa, waigizaji na watazamaji mara nyingi hadi miaka ya 1860.

Ukifuata hatua hizi utaweza kusema nani alichora, lini, nani anachekwa, na kama karatasi uliyoishika ni ya wakati ule. Kama una picha ya kidijitali tu, ruka hatua ya tatu na ya nne.

## Vifaa

- Kioo cha kukuzia mara 10. Kile kidogo wanachobana jichoni mafundi saa na masonara kinatosha kabisa.
- Tochi au taa ya mezani unayoweza kuilaza pembeni.
- Rula ya sentimita.
- Penseli laini. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo.
- Karatasi nyeupe safi ya kutandika chini ya chapa.
- Intaneti, kwa ajili ya Gallica (maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa), tovuti ya makumbusho ya jiji la Paris, na orodha ya Daumier iliyoko mtandaoni, Daumier Register.
- Kamusi ya Kifaransa yenye maana za zamani. Programu ya kutafsiri itumike, ila baada ya kamusi.

Glavu za kitambaa huzihitaji. Zinanasa kingo za karatasi na kuzichana. Nawa mikono, ikauke vizuri, basi.

## Hatua ya 1: Iache picha, anza na pambizo

Jicho litataka kukimbilia sura za watu. Lizuie. Chapa hizi zina maandishi sehemu nne au tano, na hayo ndiyo yanayobeba habari za uhakika. Yanakili yote kama yalivyo, herufi kwa herufi, kabla ya kutafsiri neno lolote.

Juu katikati kuna jina la mfululizo, kwa mfano LES COULISSES. Hilo si jina la picha. Ni jina la kundi zima, na picha ishirini tofauti zinaweza kulibeba. Ukiandika "picha inaitwa Les Coulisses" umempotosha atakayekufuata.

Juu kwenye kona mara nyingi kuna namba. Ni namba ya picha ndani ya mfululizo. Si idadi ya nakala zilizochapwa, na haina uhusiano na zile namba za penseli za wasanii wa leo.

Ndani ya picha, kwa kawaida chini, kuna saini. Gavarni aliandika jina hilo moja tu, la bandia. Jina lake halisi lilikuwa Sulpice Guillaume Chevalier. Daumier mara nyingi alitia "h.D." pekee, kadogo, na unaweza kukakuta kwenye kivuli cha kiti au juu ya ubao wa sakafu. Kitafute kwa kioo.

Chini ya picha, kushoto au kulia, kuna jina na anwani ya aliyeuza na aliyechapa. "Chez" inaonyesha duka. "Imp." ni kifupi cha mchapaji. Hapa ndipo utakapopata umri.

Chini kabisa kuna maneno ya kichekesho, mara nyingi mazungumzo. Kila mstari unaoanza na kistari ni mtu mwingine anayesema.

Umefanikiwa ukiona: karatasi yako ina vipande vya maandishi, kila kimoja kimeandikwa kilikokaa (juu, kona, chini kushoto, chini kulia), na hakuna ulichokisahihisha. Hata kosa la tahajia la mchapaji libaki. Wakati wa kutafuta kwenye orodha, kosa hilo linaweza kukutambulishia toleo.

Tahadhari: chapa nyingi zimekatwa pambizo ili zienee kwenye fremu. Ikiwa hakuna jina la mfululizo wala anwani, usiyabuni. Andika "pambizo zimekatwa" uende mbele.

## Hatua ya 2: Tafuta umri kwa anwani

Picha hizi mara nyingi hazina tarehe, lakini maduka yalihama na wachapaji walibadilika, na kila kuhama kuliacha alama kwenye pambizo. Tumia mwongozo huu wa haraka:

- *Aubert, galerie Véro-Dodat*: miaka ya 1830 na mwanzo wa 1840. Aubert alikuwa shemeji wa Philipon, na duka lao lilikuwa kwenye uchochoro huo uliofunikwa kwa vioo.
- *Bauger, rue du Croissant 16*: karibu na mwaka 1840. Mtaa huo ndio uliokuwa na ofisi za gazeti.
- *Aubert, place de la Bourse 29*: miaka ya 1840.
- *Maison Martinet, rue de Rivoli 172 na rue Vivienne 41*: miaka ya 1850 na 1860.
- *Imp. Trinocq, cour des Miracles* au *Imp. Destouches*: nazo ni za miaka hiyo ya Martinet.

Anwani haikupi siku. Inakupa muongo, na muongo unatosha kukuonyesha ni majalada gani ya gazeti utakayoyafungua katika hatua ya tano. Pia inafichua uongo: muuzaji akisema "1835" na chini kumeandikwa rue de Rivoli 172, mazungumzo yamekwisha.

## Hatua ya 3: Geuza karatasi

Watu wananunua chapa iliyobandikwa kwenye fremu bila kuuliza nyuma kuna nini. Nyuma ndiko kwenye ushahidi.

Le Charivari lilikuwa na kurasa nne, na litografu kwa kawaida ilikaa ukurasa wa tatu. Kwa hiyo nyuma yake kuna ukurasa wa nne: safu za herufi ndogo, mara nyingi matangazo. Ukiyaona, una ukurasa wa gazeti lenyewe. Wino wa nyuma huwa umejitokeza mbele kidogo kama kivuli. Wauzaji wengine huita kivuli hicho kasoro na wanunuzi wanaogopa. Mimi nakipenda: hakuna anayejisumbua kughushi tangazo la dawa ya meno kwa ajili ya picha ya bei ndogo.

Nyuma ikiwa tupu, usikate tamaa. Duka liliuza pia nakala zilizochapwa kwenye karatasi nyeupe nzito zaidi kwa wakusanyaji, bila maandishi nyuma, na nyingine zilipakwa rangi kwa mkono. Hizo kwa kawaida zina mistari iliyo safi zaidi na bei iliyo juu zaidi. Lakini nakala za uongo nazo zina mgongo mtupu, kwa hiyo hatua inayofuata ndiyo itakayoamua.

Tahadhari: chapa ikiwa imegandishwa kwenye kadi, usiibandue. Mulika tochi kwa nyuma, na kama kuna herufi utaziona zikipenya.

## Hatua ya 4: Weka kioo cha kukuzia

Lazima ujue kidogo jinsi ilivyofanywa, la sivyo hutajua unachokiangalia. Mchoraji alichora kwa kreyoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa mpaka likawa na chembechembe. Jiwe likatiwa gundi ya mgunga na asidi kidogo, likaloweshwa maji, kisha likapakwa wino. Wino wa mafuta ulishika palipochorwa tu, na pengine pote maji yaliukataa. Hakuna kilichochimbwa wala kilichoinuliwa.

Kwa hiyo angalia mambo matatu.

Kwanza, kivuli. Chukua sehemu ya kijivu, kama sketi au ukuta. Katika litografu ya kreyoni utaona chembe nyeusi zisizolingana, nyingine nene, nyingine hafifu, zimetawanyika kama mchanga. Ukiona vitone vya mduara vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, hiyo ni picha ya kamera iliyochapwa kwa mashine. Hakuna mjadala.

Pili, kingo. Laza taa pembeni, utafute mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha. Ukiupata, ujue umeshika kitu kingine, kwa mfano chapa ya bamba la shaba. Litografu ya jiwe haina mbonyeo huo wa bamba.

Tatu, mandhari ya nyuma. Nakala za kamera mara nyingi zilipiga picha hadi umanjano wa karatasi ya zamani na kuuchapa kama rangi. Ukikuza mahali patupu ukaona vitone vya manjano, una picha ya karatasi kuukuu iliyochapwa juu ya karatasi mpya.

Sasa neno juu ya rangi. Ukikuta bluu ya sketi imevuka mstari, au nyekundu ya midomo imetiwa kwa tone moja la haraka, ni kazi ya mkono. Ila rangi ya mkono inaweza kutiwa wakati wowote, hata mwaka jana. Uhalisi upime kwa chembe nyeusi.

Kipengele kingine kinachowachanganya watu: kuanzia mwaka 1870 hivi gazeti lilianza kuzigeuza litografu kuwa bamba la zinki lenye mistari iliyoinuka, kwa njia ya Firmin Gillot, ili zichapwe pamoja na maandishi. Chembe zake huonekana kavu na zilizokatika. Hizo si bandia. Ni za gazeti lenyewe katika miaka ya mwisho ya kazi ya Daumier, na ziandikwe hivyo.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kuandika sentensi moja isiyo na "labda": "kreyoni juu ya jiwe, karatasi ya gazeti, maandishi nyuma", au "nakala ya kamera".

## Hatua ya 5: Itafute kwenye orodha

Kwa Daumier kazi ni nyepesi. Loÿs Delteil aliziorodhesha litografu zake katika miaka ya 1925 hadi 1930 na kuzipa namba hadi 3958, na namba hizo, zinazoandikwa LD, ndizo makumbusho yote yanazotumia. Tia maneno matatu ya kichekesho kwenye Daumier Register, kwa Kifaransa, bila alama za juu ya herufi ikibidi. Utapata namba, tarehe ya gazeti na matoleo yake.

Kwa Gavarni kuna orodha ya Armelhault na Bocher ya mwaka 1873. Ni ngumu kidogo kuitumia, kwa hiyo anza kwenye tovuti za makumbusho kwa jina la mfululizo pamoja na namba ya kona, kisha uthibitishe kwenye majalada ya gazeti kule Gallica.

Linganisha yako na ile ya makumbusho kwa kupima. Ukubwa unaohesabika ni wa picha yenyewe, ukingo hadi ukingo, bila pambizo. Tofauti ya milimita mbili tatu ni ya karatasi kunywea au kutanuka. Tofauti ya sentimita tatu ina maana kuna mtu aliipunguza, na aliyeipunguza alikuwa na kamera.

## Hatua ya 6: Wajue watu walioko nyuma ya pazia

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanaona "mwanamke na mwanamume" wakati Mparisi wa 1840 aliona vyeo, mishahara na madeni. Kwanza jiulize wewe mtazamaji umesimama wapi. Ukiona turubai kwa nyuma, yaani fremu za mbao tupu, kamba na vishikizo, uko nyuma ya pazia. Ukiona nyuso zimemulikwa kutoka chini, mwanga umepanda kidevuni na puani, mtu huyo yuko mbele, karibu na safu ya taa za ukingo wa jukwaa. Daumier aliupenda mwanga huo kwa sababu unamgeuza malkia kuwa kinyago.

Kisha mpe kila mtu kazi yake.

Bwana wa kofia ndefu, koti jeusi na fimbo. Hayumo kwenye mchezo. Ni mwenye tiketi ya msimu kwenye Opera, au tajiri mwingine aliye na ruhusa ya kuingia. Louis Véron, aliyeiongoza Opera ya Paris kutoka 1831 hadi 1835, aliufungua ukumbi wa mazoezi ya wachezaji, foyer de la danse, kwa mabwana hawa. Walikwenda kutazama, kuongea na kuchagua. Picha inapomwonyesha kasimama karibu mno, au kainamisha shingo kumnong'oneza msichana, mchoraji anazungumzia biashara ambayo gazeti halikuweza kuitaja waziwazi.

Msichana mdogo mwenye sketi fupi ya baleti. Wanafunzi hawa waliitwa "panya" wa Opera. Wengi walitoka familia maskini na malipo yao yalikuwa duni. Kejeli ya zamani iliwacheka. Msomaji wa leo ana haki ya kuona kwamba anayestahili kuchekwa ni yule bwana. Andika yote mawili, usiufiche ukatili wa kichekesho.

Mwanamke mnene mwenye shali na kikapu. Ni mama wa mchezaji, au anayejiita mama. Anamlinda binti kwa jicho moja, na kwa lingine anahesabu thamani ya saa ya yule bwana. Akiwemo kwenye picha, karibu kila mara kichekesho kinapita kwake.

Mtu wa kofia ya chuma inayong'aa, kasimama kimya. Usimwite askari wa mchezo kabla ya kuangalia vizuri. Taa za mafuta na gesi kando ya turubai zilikuwa hatari ya kweli, kwa hiyo zimamoto wa Paris, kikosi cha kijeshi tangu 1811, walikaa zamu nyuma ya jukwaa. (Hofu haikuwa bure: jumba la Opera la rue Le Peletier liliteketea Oktoba 1873.) Wachoraji walimtumia kama shahidi mkimya aliyeona kila kitu.

Kichwa kinachotokea sakafuni. Ni mkumbushaji, anayewanong'onezea waigizaji maneno waliyoyasahau kutoka kwenye kijisanduku chake mbele ya jukwaa.

Mfalme, malaika au shujaa wa Kirumi anayefanya jambo la nyumbani. Mfalme anakula soseji, malkia anafuma soksi, malaika anakunywa. Huu ndio uti wa mgongo wa picha za nyuma ya pazia: vazi linasema hivi, mkono unasema vile. Angalia mikono na miguu kabla ya uso. Taji ni la kadibodi, lakini viatu ni vyake, na viatu ndivyo vinavyoeleza mshahara.

Kumbuka pia kwamba picha ya jiwe hugeuka wakati wa kuchapwa. Ukiona mpiga fidla anashika upinde kwa mkono wa kushoto, usitafute maana iliyojificha. Mchoraji hakujisumbua kugeuza.

## Hatua ya 7: Tafsiri maneno, kwa mpangilio huu

Usipeleke maneno moja kwa moja kwenye programu. Yaandike upya kwanza kwa Kifaransa cha kawaida. Wachoraji walikata herufi ili yasikike kama mtaani: "v'là" ni voilà, "c'te" ni cette, "p'tit" ni petit. Mashine inajikwaa hapo hapo.

Kisha tenga maneno ya kazi ya jukwaani. Mengi yana maana ya kawaida itakayokutega:

- *loge*: kiti cha faragha cha watazamaji au chumba cha kuvalia. Picha ndiyo inayoamua.
- *feux*: kamusi itakwambia moto. Kwa mwigizaji ni posho ya ziada ya kila onyesho.
- *four*: tanuri kwa mpishi, onyesho lililobuma kwa mwigizaji.
- *rampe*: safu ya taa mbele ya jukwaa.
- *figurant*: anayejaza jukwaa bila kusema neno.
- *régisseur*: msimamizi wa jukwaa, yule anayewatoza faini.
- *romain*: endelea kusoma.

Mwaka 1864, katika mfululizo wa Croquis pris au théâtre (michoro ya haraka ya ukumbini), Daumier alichora wanaume waliojipanga kwenye mabenchi, wamefurahi kupita kiasi. Maneno ya chini yanasema kwamba watu hudai Waparisi ni wagumu kuridhika, kumbe kwenye mabenchi haya manne hakuna hata mmoja aliyenuna. Kisha yanaongeza: ni kweli kwamba Wafaransa wote hawa ni Warumi. Ukitafsiri hapo ukaishia, unabaki unakuna kichwa. Warumi wametoka wapi?

"Romain" lilikuwa jina la utani la wapiga makofi wa kulipwa. Kumbi za Paris zilikuwa na kikosi chao, claque, na kiongozi wake. Yule wa Opera aliyeitwa Auguste Levasseur aliheshimiwa hata na wakurugenzi, kwa sababu alijua wapi vicheko viwekwe na wapi makofi yapigwe. Walipewa tiketi, wakauza nyingine, wakapokea bahasha kutoka kwa waigizaji. Kwa Kiswahili cha mitaa ya Dar ningewaita machawa bila kusita. Sasa soma maneno ya Daumier upya: watu pekee walioridhika ukumbini ni wale waliolipwa waridhike.

Kwa hiyo neno moja likikataa kukaa sawa na picha, usililazimishe. Hapo ndipo kichekesho kilipo. Lifungulie kamusi ya misimu ya karne ya 19.

Kuna tofauti nyingine inayookoa muda. Gavarni aliandika maneno yake mwenyewe, na alikuwa mwandishi mzuri. Kwake picha na maneno ni kitu kimoja, na ukikosa maneno umekosa nusu. Maneno ya Daumier mara nyingi yaliandikwa na waandishi wa gazeti baada ya picha kukamilika. Yakionekana mepesi kuliko picha, ifuate picha.

## Hatua ya 8: Uliza kwa nini wanacheka hiki na si kingine

Tazama tarehe. Sheria ya Septemba 1835 ilirudisha udhibiti wa picha: hakuna mchoro uliotoka bila kibali cha serikali. Udhibiti huo ulianguka na mapinduzi ya 1848, ukarudishwa mwaka 1852, ukaondoka kabisa na sheria ya magazeti ya 1881. Daumier mwenyewe alikwisha kufungwa mwaka 1832 kwa kumchora mfalme Louis-Philippe. Philipon na watu wake walipofungiwa mlango wa ikulu, waligeukia nyumba, mahakama, soko la hisa na jukwaa.

Ndiyo maana picha ya nyuma ya pazia ya 1840 ina meno. Inaonyesha fedha ikinunua heshima, na wakubwa wakiwa mahali wasipotaka kuonekana. Lakini usiende mbali kupita kiasi. Wapo wanaomwona Louis-Philippe kila penye tumbo kubwa. Bila sura inayofanana, bila neno la kumdokeza na bila tukio la wiki hiyo, tumbo ni tumbo tu.

## Hatua ya 9: Andika rekodi yako

Iwe fupi, kwa mpangilio ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Mfano wa ile ya mabenchi:

*Honoré Daumier (1808–1879). Kutoka mfululizo Croquis pris au théâtre. Litografu, Le Charivari, 1864. Karatasi ya gazeti, maandishi nyuma. Pambizo kamili, madoa ya kahawia kona ya juu kulia. Mada: wapiga makofi wa kulipwa. Kichekesho: neno "Warumi".*

Iandike kwenye karatasi tofauti. Ikibidi kuandika kwenye chapa yenyewe, tumia penseli laini, nyuma, pembeni, herufi ndogo.

## Hatua ya 10: Itunze, hasa kama unaishi pwani

Usiilamineti. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu wetu hufanya kwa karatasi wanayoithamini, vyeti vya shule vikiwa mashahidi. Joto na plastiki vinashikana na karatasi, na hakuna fundi atakayevitenganisha salama. Selotepu nayo vivyo hivyo: gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.

Usioshe, usifute kwa kifutio, usipanguse kwa kitambaa chenye maji. Zile zilizopakwa rangi kwa mkono zina gundi ya mgunga inayoyeyuka kwa tone moja.

Fremu iwe na kadi isiyo na asidi, mbele na nyuma, na kadi ya mbele iwe na dirisha ili kioo kisiguse karatasi. Mombasa, Unguja au Dar, kioo kikigusa karatasi unyevu hukwama kati yake na ukungu unaota. Chapa ishikiliwe na vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani kwa uji wa wanga, upande wa juu tu, ili ipate kunywea na kutanuka.

Itundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jiko. Ukuta unaopokea mvua kwa nje ni adui hata ukipakwa rangi. Kila baada ya miezi michache ishushe uangalie mgongo: vumbi la unga kwenye kona, au karatasi iliyolambwa juu juu, ni dalili ya wadudu, na hao wakishaingia kwenye fremu moja hawachelewi kuhamia jirani. Itoe hiyo kwanza, uitenge chumba kingine, ndipo ukague zilizobaki.

Na kama bado hujainunua, muombe muuzaji picha tatu: chapa nzima pamoja na pambizo, mgongo wake, na kipande cha kivuli kilichopigwa kwa karibu sana. Aliye nayo ya kweli huzituma bila maneno. Akikupa maelezo marefu badala ya picha ya mgongo, tafuta nyingine. Le Charivari lilichapwa kila siku kwa miaka mingi, na kurasa zake bado zinauzwa Paris kwa bei ambayo haihitaji mtu kujibana.